Mpiga Fidla Asiyeonyesha Uso

Kinloch Brook, Cape Breton
Wiki ya pili baada ya Pasaka

Dada yangu mpendwa Sadie,

Nakuamkia kwa heshima na mapenzi yote, nikitumaini karatasi hii itakukuta huko Calgary ukiwa mzima, goti lako limetulia, na shemeji Walter amekubali hatimaye kumwona daktari badala ya kujichua mgongo kwa dawa ya farasi. Wabusu wanangu hao wawili, uwaambie mama mdogo anawakumbuka hata kama wao hawakumbuki kuandika.

Sisi huku hatujambo. Nyonga inamsumbua Mama asubuhi, lakini akishapata chai yake nyeusi anainuka na kutugombeza kama kawaida. Barafu ya baharini bado imeziba pwani, na wavuvi wa kambakoche wanasimama kuitazama na kuilaani. Kuku wameanza kutaga tena. Mzee Murdoch jirani yetu bado yu hai, bado anakuja kila siku kula biskuti zangu za shayiri na kuniambia kwamba za marehemu mkewe zilikuwa laini zaidi.

Utashangaa kupata barua wakati tunaongea kwa simu kila Jumamosi. Dada, nimejaribu kukuambia kwa simu, na kila nikijaribu ulimi unanikauka naishia kukusimulia habari za kuku. Kuna maneno ambayo yakisemwa kwa mdomo hukatizwa kabla hayajafika mwisho, nawe, usikasirike, ni hodari wa kukatiza. Kwa hiyo nakuomba ukae kitako, uisome yote peke yako, na usinipigie kabla hujafika chini kwenye jina langu. Usishtuke, hakuna aliyekufa.

Nianze na lile Jiko la Jumapili, maana huko ndiko yote yalikotokea. Wewe umelisikia kijuujuu tu, na kila nilipokukaribisha uingie utazame ulisema siku hizi muziki wa fidla unakuumiza kichwa. Sikukulaumu. Nililianzisha majira yale ya baridi tulipofungiwa majumbani kwa sababu ya ugonjwa. Ukumbi wa parokia ulikuwa umefungwa, dansi hakuna, na Mama alikuwa akizunguka nyumba kama mtu aliyepoteza miwani yake. Nikaegesha simu juu ya kabati la vyombo, nikakaa kwenye piano, nikawaomba wapiga fidla wa huku kwetu wanitumie nyimbo walizojirekodi jikoni mwao, nami nikawa nazisindikiza moja kwa moja mtandaoni, watu wakisikiliza.

Nilidhani tutasikilizwa na parokia yetu tu. Sasa wanaingia watu wa Scotland na Ireland, yuko mwoka mikate wa Ujerumani anayepiga akiwa na unga kwenye nyusi, na yuko binti wa Osaka, Haruka, aliyejifunza Kigaeli, lugha waliyokuja nayo wazee wetu kutoka Scotland, hadi anamsahihisha Murdoch. Mwanzoni Mama aliapa kwamba hataki kutazamwa na watu wa kwenye kisanduku. Siku hizi akitoka misa anavaa gauni lake la buluu, anajipaka poda na kukaa kando ya jiko la kuni, na nikimuuliza poda ya nini ananijibu kwamba Japani nzima inamwangalia. Murdoch naye amejipa kazi ya uhakimu. Mmoja alipiga vibaya, mzee akasema kwa sauti, watu wote wakisikia, “Huyu anaikwangua fidla kama anatoa rangi mlangoni.” Nilitaka ardhi inimeze. Kumbe yule mtu alifurahi, akaandika kwamba hiyo ndiyo mara ya kwanza kukosolewa na Mgaeli halisi.

Basi, mwezi wa Novemba aliingia mtu mgeni aliyejiita Mtu wa Ziwani. Hakuandika salamu wala anatoka wapi. Alituma video fupi ya wimbo wa kuchezea dansi, na ndani yake hakuonyesha uso. Ilionekana shati la kazi la kahawia, fidla iliyochakaa, na mikono miwili. Mikono hiyo ilikuwa minene na yenye makovu, kidole kimoja kimepinda kama kilivunjika kikaungana chenyewe. Nikasema moyoni, huyu ni mfanyakazi wa viwandani, labda ana aibu. Nikaanza kumsindikiza kama ninavyowasindikiza wengine.

Dada, unajua Baba alivyokuwa akipiga. Kila alipofika mahali wimbo unapogeuka, aliizuia ile nota ya mwisho kidogo, kama mtu anayesimama kizingitini kukung'uta buti kabla ya kuingia. Wageni walidhani amekosea. Mimi nilikaa kwenye piano pembeni yake tangu miguu yangu haijafika sakafuni, na mkono wangu wa kushoto ulijifunza kumngoja. Siku ile mtu wa shati la kahawia alipofika kwenye kona ya wimbo, mkono wangu wa kushoto ulingoja. Sikuuambia. Ulingoja wenyewe, naye akaizuia nota, akaiachia, tukaingia pamoja. Niliumaliza wimbo sijui vipi, nikawaambia watu naenda kutazama kuku, nikasimama nje kwenye theluji bila koti.

Kuna watu wawili tu duniani waliopiga hivyo. Mmoja tulimzika. Wa pili ni yule ambaye jina lake halitajwi katika nyumba hii, na leo sina budi kulitaja. Ni Hector, Sadie. Ni kaka yetu.

Sikukumbushi ya makaburini ili nikuumize. Ulikuwa umemuuguza Baba hadi pumzi yake ya mwisho, hujalala, na Hector ndiye aliyepewa heshima ya kumpigia wimbo wa maombolezo. Alikuja ananuka ramu. Alianza, akasahau, akaanza tena, upinde ukamponyoka ukaanguka kwenye matope mbele ya padri na kijiji chote. Mimi nililia tu. Wewe ulisimama ukamwambia, “Kama huwezi kumpigia baba yako mara moja ukiwa mzima, basi usiiguse tena fidla yake, na usikanyage nyumba yetu.” Aliiweka fidla ya Baba juu ya meza ya jikoni, akaondoka na nguo alizovaa. Tangu hapo miaka imepita. Wengine walisema yuko kwenye visima vya mafuta huko kwenu, wengine walisema alikufa kwenye meli za maziwani. Mama anaposali rozari hunyamaza kidogo baada ya fumbo la mwisho, nasi sote tunajua anamnyamazia nani.

Sasa fikiria hali yangu. Nilikuwa na kaka yangu ndani ya simu, na sikuthubutu kumwita. Niliogopa kwamba nikiandika jina lake atafunga mlango, na mlango wa mtandaoni ukifungwa huna hata pa kubisha hodi. Nikawa naamka asubuhi, na kabla sijawasha moto natazama kama bado yumo. Nikimkuta navuta pumzi, na siku nisipomwona chakula hakipiti. Mama akiniuliza nina nini, nasema tumbo. Niliogopa kumwambia. Ingekuwaje kama nimekosea? Nimpe mwanawe kisha nimnyang'anye? Na nilikuogopa wewe pia, dada. Kila Jumamosi uliponiuliza kuna jipya gani, nilijiona kama mwizi.

Nilimwandikia mambo madogo madogo. Nilimuuliza kama kuna baridi aliko. Alijibu, “Ipo.” Nilimuuliza kama ziwa lake limeganda. Alijibu, “Bado katikati.” Niliyasoma majibu hayo kama watu wengine wanavyosoma mashairi. Mwishowe akasema yuko Thunder Bay, anatengeneza mitambo ya kupakia nafaka melini, na kwamba hupigia fidla kwenye chumba cha boila kwa sababu wapangaji wenzake wanalalamika.

Kisha nikaharibu mambo. Mwezi wa Januari aliingia bwana mmoja mjuaji, anayejua kila kitu kilichoandikwa juu ya muziki wetu na hajawahi kuchezewa dansi hata moja, akaandika chini ya video ya Hector kwamba mpigaji huyu anachelewa, hana mapigo, akajifunze upya. Nilimsomea Murdoch. Mzee akawaka. “Mwambie huyo bata kwamba Dan Hughie MacPhee alichelewa vivyo hivyo maisha yake yote, na wachezaji wa nchi hii hawakukosea hatua hata moja!” Na mimi, kwa hasira, nikaandika maneno yake yote kama yalivyo, jina la Baba likiwemo, nikayatuma.

Nilipoyaona kwenye kioo ndipo nikatambua nilichofanya. Nilikuwa nimemwambia mbele ya watu kwamba tumemjua. Nikafuta upesi, lakini maneno yaliyokwisha somwa hayafutiki. Jioni ile Mtu wa Ziwani hakuwepo. Video zake zote hazikuwepo. Akaunti yenyewe haikuwepo.

Sijui nikueleze vipi wiki zile. Nilikuwa nimempoteza mara ya pili, na safari hii ni kwa kidole changu mwenyewe. Niliunguza mikate. Nilimpigia simu kila mtu wa Thunder Bay niliyeweza kumpata, nikajifanya naulizia fidla ya kununua. Hakuna aliyemjua. Jumapili nilikaa kwenye piano nikatabasamu, maana watu wa kundi hawana kosa, na Haruka aliniandikia pembeni kuniuliza kama nina msiba.

Katikati ya Kwaresima, siku moja nikimenya viazi, Mama aliniuliza bila kuinua uso kwenye kufuma kwake, “Yule kijana wa mikono, mbona haji?”

Nikamwambia watu huingia na kutoka, ndivyo mtandao ulivyo.

“Effie,” akasema, “usinifanye mtoto. Umemfanya nini Hector?”

Niliweka kisu chini. Nikamuuliza alijuaje na mikono ile haifanani na ya Hector hata kidogo. Akanitazama kama mtu anayemhurumia mpumbavu. “Alinipiga mateke tumboni kwa kufuata fidla ya baba yake. Sasa unataka nimtambue kwa mikono?” Alikuwa amemjua tangu siku ya kwanza, Sadie. Ile siku niliyotoka nje bila koti, yeye alibaki kando ya jiko amefumba macho, nami nilidhani amesinzia. Alinyamaza kwa sababu aliogopa nikijua nitamwita, na akiitwa atakimbia. Tulikuwa wanawake wawili katika nyumba moja, kila mmoja anamficha mwenzake jambo lile lile, na kila mmoja anajifanya anaumwa tumbo. Tulikaa sakafuni kwenye maganda ya viazi tukalia, kisha tukacheka, kisha tukalia tena.

Baadaye akafuta macho kwa aproni, akasema Jumapili atazungumza yeye. Nilimsihi asifanye hivyo. Nilimwambia hata kama Hector anasikiliza, atajiona amevuliwa nguo mbele ya ulimwengu. Akanijibu kwamba alitukanwa mbele ya watu, basi aitwe mbele ya watu. Dada, nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema. Hakuyasema kwa kukuchukia.

Jumapili ilipofika Mama hakupaka poda. Alisogea hadi karibu na simu, uso wake ukajaa kioo chote, akazungumza Kigaeli, polepole. Hakutaja jina. Alisema moto unawaka. Alisema mlango wa nyuma bado unakwama ukiwa na unyevu, usukumwe kwa bega. Alisema yeye ni mzee, na wazee hawana muda wa kuulizana mambo ya zamani. Kisha akarudi kitini kwake akaniambia nipige kitu cha furaha, watu wasije wakadhani hapa pana maiti. Wengi hawakuelewa neno. Haruka alielewa, akazima kamera yake. Murdoch alikung'uta kiko chake akaenda zake nyumbani.

Hakuna aliyejibu. Wiki ile haikuja kitu, wala iliyofuata. Nilimwona Mama akitembea hadi dirishani na kurudi, na nyonga ile. Nikamkasirikia Mungu, nikamkasirikia Hector, na samahani, nikakukasirikia na wewe.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo ndilo nililokaa kukuandikia. Alhamisi Kuu, mchana, mvua ya barafu inanyesha, nilisikia mlango wa nyuma ukisukumwa kwa bega.

Yuko hapa, Sadie. Yuko hapa tangu siku hiyo. Sasa hivi yuko bandani anapasua kuni, nasikia shoka. Amezeeka kunishinda, nywele zimejaa mvi, na anakula taratibu kama mgeni. Hanywi. Simwambii mtu asiyemwamini amwamini, nakwambia tu nilichokiona: Murdoch alimletea chupa ya kumkaribisha, Hector akaipokea kwa shukrani, akaimwaga kwenye sinki, akarudi kumuuliza mzee habari za mbwa wake. Mzee aliitazama sinki kama anatazama jeneza.

Mama alipomwona hakulia. Alisema, “Umekonda. Kaa.” Akamwekea viazi na samaki wa chumvi, akamsimamia hadi akamaliza.

Nilidhani wasiwasi wangu ungeisha hapo, kumbe ndio umeanza upya. Fidla ya Baba iko juu ya piano, Mama ameiwekea nyuzi mpya kwa mkono wake. Hector haigusi. Anapiga ile yake ya mtumba, na anapopita karibu na piano anapinda mabega kama mtu anayepita karibu na moto. Mama alimpa mkononi, naye akarudisha nyuma mikono yote miwili. Alisema, “Sadie alikataza.” Mama akamwambia nyumba hii si ya Sadie. Akajibu, “Fidla ni ya Baba, na Sadie ndiye aliyemuuguza. Neno ni lake.”

Nilidhani anasema kwa kinyongo. Nikamfuata bandani nikamwambia ulikuwa umechoka, ulikuwa na majonzi, hukukusudia. Akaweka shoka chini. Aliniambia nisiyafute maneno yako, maana ndiyo aliyoyashika. Kwa miaka mingi, akasema, watu walimwonea huruma, wakampa senti, wakampa kinywaji, wakamwambia maskini Hector. Wewe peke yako ulimkasirikia kama mtu anayeweza kufanya vizuri zaidi. Alisema alikuchukia kwanza, kwa muda mrefu sana. Halafu asubuhi moja, akiwa amelala kwenye karakana baridi, akajikuta anafikiria lile neno lako, “ukiwa mzima,” akasema moyoni, basi Sadie ameacha nafasi. Hakusema nisiiguse kamwe. Alimaanisha mpaka niwe mzima.

Mimi najua kwamba umekuwa ukijilaumu. Hujaniambia, lakini ndiyo maana fidla zinakuuma kichwa. Ndiyo maana nimekuandikia maneno yake yote bila kupunguza.

Mwishoni mwa Mei barafu itakuwa imekwisha kwenye maziwa ya huko na kazi itamwita arudi Thunder Bay. Kabla ya hapo anataka jambo moja. Anataka kusimama kwenye kaburi la Baba na kuumaliza ule wimbo, kwa fidla ya Baba, na hataki kufanya hivyo kama wewe haupo. Nilimwambia huenda usikubali. Akasema unaweza kusimama popote unapotaka, hata barabarani, hata ukimpa mgongo. Nilimuuliza kama tuwarushie watu wa Jiko la Jumapili mtandaoni, maana Haruka ameuliza. Akasema hapana, hilo ni letu. Nami nimekubali.

Sikulazimishi, dada. Ukikataa nitakuelewa, na Mama ameapa hatakulaumu. Lakini sitakuficha kwamba silali vizuri. Naogopa usije. Naogopa pia uje, mtazamane, mkose la kusema, naye aondoke tena kwa mlango ule ule. Ukija, usilete zawadi wala maneno uliyoyatayarisha njiani. Njoo tu. Chumbani kwako nimefukuza panya, na blanketi ziko juani siku likitoka.

Mama anakusalimu, anasema uvae soksi za sufu hata kama huko kwenu mmeanza kujiona mna kiangazi. Murdoch anakusalimu, anasema atakuchezesha dansi goti likipona, lako au lake. Msalimie shemeji Walter na wanangu. Hector hakutuma salamu. Anasema bado hana haki ya kuzituma kwako. Nazituma mimi kwa niaba yake, bila ruhusa yake.

Mimi ni mdogo wako akupendaye,
Effie

Tena: Mpaka sasa simu ikilia yeye hutoka nje. Nimemwambia Jumamosi hii nitakuwa bandani kwa kuku, na Mama hawezi kuinuka haraka, kwa hiyo itabidi aipokee yeye. Ukisikia mtu anapumua tu bila kusema neno, nakusihi, dada, usikate.